Ushauri nasaha siyo kutoa ushauri: tujifunze misingi ya unasihi (uzi mrefu, karibuni)

Mwalimu wa Ilemela (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Wakubwa shikamooni.

Wiki iliyopita watu kadhaa waliniomba niandike namna ya kukaa na mtu aliyeelemewa na maisha, maana kila mmoja wetu ana ndugu au jirani wa namna hiyo. Nitaandika kwa vipande. Mwenye swali aulize, nitarudi.

Nianze na kosa langu. Mwaka 2011 mkuu wa shule niliyokuwa nafundisha aliniita ofisini, akaniambia kuanzia Jumatatu mimi ndiye mwalimu wa unasihi. Nilikuwa nafundisha Kiswahili na historia. Mafunzo sikupewa, nilipewa chumba. Hazikupita wiki nyingi akaja binti wa kidato cha 2, kwao Kayenze, mjini amepanga chumba na mwenzake. Alikaa, akatazama sakafu, akasema, "Mwalimu, nina mawazo."

Nikadaka hapohapo. Kwa dakika kama 40 nilimmwagia kila nilichokuwa nacho: soma kwanza, jiepushe na makundi, mwombe Mungu, wazazi wako wanaanika dagaa juani ili upate ada. Yote yalikuwa kweli. Akanishukuru, akapiga goti, akaondoka. Hakurudi tena chumbani kwangu, na muhula uliofuata hakurudi hata shuleni. Mpaka leo sijui yale mawazo yalikuwa ya nini, kwa sababu sikumuuliza.

Ndugu zangu, tatizo linaanzia kwenye jina. Wengi wetu huku Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, neno "ushauri nasaha" tulilisikia kwanza kwenye chumba cha kupimia VVU. Ushauri ni kumwambia mtu la kufanya. Nasaha ni mawaidha. Yaani jina lenyewe linatutuma tuseme, wakati kazi inatutaka tusikilize. Ndiyo maana mimi napenda kuiita unasihi, na anayeifanya mnasihi, angalau hapo mtu anasimama kidogo na kuuliza ni kitu gani hicho.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 juu ya mambo ambayo yakiwepo kati ya watu wawili, aliyeumia huanza kubadilika. Matatu ni ya msaidizi mwenyewe: awe mkweli bila kujifanya, amkubali mtu alivyo bila kumwekea masharti, na aielewe hali ya yule mtu kama vile ni yake, ila asisahau kwamba si yake. Hilo la mwisho lina uzito wake. Ukisahau kwamba si yako, mnalia wote wawili na hakuna wa kushika kamba.

Kipande cha kwanza kinaishia hapa, nikaangalie chungu jikoni.

---

Mwalimu wa Ilemela

Naendelea.

Mwaka 2013 nilipata bahati ya kufundishwa na muuguzi mmoja mstaafu. Tulikutana Jumamosi mchana, watu 9, kwenye ukumbi wa kanisa, tukagawanywa watatu watatu. Mmoja anasema jambo dogo la kweli linalomsumbua, mmoja anasikiliza, wa tatu anatazama tu na kuandika alichokiona. Halafu mnabadilishana. Msikilizaji haruhusiwi kusema chochote kwa dakika 5 isipokuwa "mh", "ehe" na "pole". Dakika zikiisha anarudisha alichosikia kwa maneno yake, na msemaji anasema kama ndivyo au sivyo.

Nilishindwa. Mwenzangu alisimulia kuhusu mama yake mgonjwa, nami niliporudisha, akanitazama, akasema, "Hayo umeyasema wewe, siyo mimi." Alikuwa sahihi. Muda wote nilikuwa natunga jibu, nikawa nalisikiliza jibu langu badala yake. Zoezi hili nyinyi mnaweza kulifanya hata leo, nyumbani, na mke au mume au rafiki. Ni gumu kuliko linavyoonekana, na sijaona njia ya mkato.

Sasa mambo ya kukaa. Mafunzo mengi kutoka nje yanasema mkae mkitazamana na umwangalie mtu machoni. Kwetu kijana aliyelelewa vizuri hamkazii macho mkubwa wake. Ukimlazimisha akutazame, anajiona yuko mbele ya kamati ya nidhamu. Mimi huweka viti viwili kwa pembe, kila mtu awe na pa kupumzishia macho. Kule Igombe nimejifunza kitu kingine: kina mama wanaoanika dagaa husema mengi wakati mikono inafanya kazi. Nimekaa nao tunachambua, tunatupa uchafu, tunageuza, na katikati ya kugeuza mtu anasema jambo ambalo asingelisema ofisini kwa mwaka mzima.

Maswali nayo. "Kwa nini" liepuke. Kwa nini umerudi kwake? Kwa nini hukusema mapema? Mtu anasikia hukumu, anaanza kujitetea. Uliza "ilikuwaje?", "baada ya hapo nini kikatokea?", "wewe hapo ulijisikiaje?" Na usimpige maswali kumi mfululizo kama karani wa sensa. Swali moja, kisha subiri.

Halafu kuna kurudisha hisia, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo kazi yenyewe ilipo. Nitatoa mfano niliouunda kutokana na mengi niliyoyasikia, si kisa cha mtu mmoja.

Mama, mke wa mvuvi wa dagaa, anasema (giza ni siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa): "Giza lote hili amekwenda ziwani, hajatuma hata elfu kumi. Na nasikia huko kambini ana mtu."

Mshauri wetu wa kawaida atasema: "Vumilia mama, wanaume ndivyo walivyo." Mwingine atasema: "Achana naye." Wote wawili wameshafunga mlango, tena wamemfungia na kilichokuwa kinataka kutoka.

Mnasihi anajaribu: "Naona una hasira naye."

Mama: "Si hasira, mwalimu. Ni aibu. Mama mkwe anajua. Hata watoto wa jirani wanajua."

Mmeona? Mnasihi alikosea, lakini kosa lake halikuharibu kitu. Alilisema kwa upole, mama akalisahihisha, na kwa kulisahihisha akafika pale pa kweli ambapo hata yeye alikuwa hajapataja. Kwa hiyo usiogope kukosea hisia ya mtu. Ogopa kuing'ang'ania.

Kinachotukwamisha wengi ni kwamba msamiati wetu wa hisia tumeuacha ulale. Kila kitu tunakiita "mawazo" au "presha". Kiswahili kina uchungu, simanzi, fadhaa, kinyongo, wivu, upweke, hofu, wasiwasi, fedheha, majuto, kukata tamaa. Hayo si maneno ya mtihani. Mtu aliyeambiwa "inaonekana ni majuto zaidi kuliko huzuni" mara nyingi hushusha mabega palepale. Mtu akisema "nina mawazo", hiyo ni hodi. Itikia: "Karibu. Mawazo ya namna gani?"

Mwisho wa kipande hiki: ukimya. Mtu akinyamaza, usikimbilie kujaza. Sisi hili tunalijua vizuri kuliko tunavyodhani. Nani asiyewaona kina mama msibani? Wanaingia, wanavua viatu, wanakaa mkekani, wengine hawasemi neno mpaka jioni, na mfiwa akiulizwa mwaka mmoja baadaye atakutajia nani alikaa naye. Wanaoharibu ni sisi wa "kazi ya Mungu haina makosa" siku ya kwanza. Mimi ni muumini na maneno hayo nayaamini. Lakini ni ya mfiwa kuyasema siku yake ikifika. Ukimwahi nayo, umemwambia anyamaze.

---

Mzee wa Nansio

Mwalimu nimekusoma vizuri na ninakuheshimu. Ila naona haya ni mambo ya Wazungu. Sisi tulikuwa na shangazi, babu, wazee wa ukoo. Binti akiwa na shida ya ndoa anakwenda kwa shangazi yake, yanakwisha. Leo mnataka tuwe na wataalamu wa kusikiliza kana kwamba kusikiliza kunahitaji cheti.

---

Mwalimu wa Ilemela

Shikamoo mzee wangu. Nusu ya maneno yako nayachukua kama yalivyo. Shangazi alikuwa anajua kazi. Lakini shangazi huyo leo yuko Geita, binti yuko Buzuruga, na vocha ya dakika 10 haitoshi kueleza ndoa. Na tuseme kweli, mzee, wapo mashangazi waliosikiliza na wapo waliomrudisha binti kwa mume anayempiga. Kusikiliza hakuhitaji cheti, ila kunahitaji kujifunzwa.

Nikupe mfano wa Waafrika wenzetu. Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda. Alimpoteza mgonjwa, binti aliyejiua, na mama wa binti alimweleza kwamba walishindwa kumleta hospitalini kwa kukosa nauli. Nyinyi watu wa visiwani huko Ukerewe mnaelewa maana ya maneno hayo. Mwaka 2006 akaanza pale Mbare, Harare, na bibi 14. Akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati. Mwanzoni yaliitwa mabenchi ya afya ya akili, watu hawakuja. Bibi wenyewe wakasema yaitwe mabenchi ya urafiki.

Hawakutumia hata neno sonona. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo hiyo hiyo "nina mawazo" yetu? Hatua za kazi nazo wakaziita kwa Kishona: kufungua akili, kumwinua mtu, kumtia nguvu. Bibi anamsikiliza mtu mpaka ataje matatizo yake yote, wanachagua moja, mwenye tatizo ndiye anayetafuta la kufanya, bibi anamsaidia kulivunja liwe dogo la kuwezekana wiki hiyo. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha watu 573. Baada ya miezi 6, waliokaa na bibi, kama 14 katika kila 100 walibaki na dalili za sonona. Waliopata huduma ya kawaida ni kama 50 katika kila 100.

Kwa hiyo mzee, ni bibi zetu walewale. Tofauti ni kwamba walifundishwa kuacha kuhubiri.

---

Mzee wa Nansio

Hapo nimekuelewa. Huyo bibi wa kutaja matatizo yote kisha kuchagua moja, nimempenda. Endelea.

---

Kijana wa Kirumba

Mwalimu shikamoo. Samahani, mimi nina jambo la haraka kidogo. Rafiki yangu mtumbwi wao ulipinduka mwezi uliopita, yeye aliogelea, mdogo wake hakuonekana mpaka siku ya 3. Tangu hapo haongei, hali chakula vizuri, kazini haendi. Juzi kaniambia "heri ningezama mimi". Mimi nilimwambia asiseme hivyo, ajikaze. Sasa nasoma hapa naona kama nimekosea. Nifanyeje?

---

Mwalimu wa Ilemela

Marahaba mwanangu. Nimeacha nilichokuwa naandika.

Hujamharibu. Amekwambia wewe kwa sababu anakuamini, na nafasi ya kurudi bado ipo. Rudi leo, usingoje wikendi. Kaeni mahali pasipo watu wengi. Anza na ulipoishia: "Juzi ulisema heri ungezama wewe. Nilikukatiza. Leo nataka kukusikiliza." Kisha nyamaza.

Halafu muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Najua mdomo unakuwa mzito. Watu wengi huku tunaamini ukilitaja umelipanda kichwani. Utafiti umeangalia hilo na haukuona kwamba kuuliza kunaleta wazo hilo. Mara nyingi mwenye nalo hupumua, maana alikuwa amelibeba peke yake. Wengine huogopa hata sheria, kwa sababu Kanuni ya Adhabu kwa miaka mingi imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mwambie hukuja kumshtaki.

Akisema ndiyo, usishtuke, usimhubirie, usimwambie ni dhambi. Muulize kama amefikiria namna na lini. Kama anayo mipango, usimwache peke yake hata kidogo, na hicho alichokifikiria kiondolewe karibu naye. Mwambie ndugu mmoja anayemwamini. Nenda naye hospitali. Bugando wana idara ya afya ya akili, na hospitali au kituo cha afya cha karibu kinaweza kuanza naye na kumpa rufaa. Usimwelekeze njia tu. Panda naye daladala, kaa naye kwenye foleni.

Na hili siri haina nafasi. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie, "Mengine yote yatabaki kwetu, ila maisha yako siwezi kuyafanya siri."

Kuhusu ajali yenyewe: usimlazimishe asimulie mtumbwi ulivyopinduka. Akitaka, atasimulia. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu waliopatwa na majanga, na msingi wake ni maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama, amekula, amelala. Sikiliza bila kumchimba. Muunganishe na watu na huduma. Mwongozo huo unaonya kabisa dhidi ya kumshurutisha mtu asimulie.

Sisi wa ziwa hili tuna deni katika hili. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, mamia walikufa, na makaburi ya Igoma tunapita karibu nayo kila siku. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220 wakaenda. Waliokufa tumewajengea kumbukumbu. Walionusurika, wengi tuliwaambia washukuru Mungu wamepona, basi. Aliyepona naye ana mzigo, na mara nyingi unaitwa hatia: kwa nini yeye na siyo mimi. Rafiki yako ndicho alichokwambia.

Niandikie ukirudi.

---

Nesi wa Zamu

Mwalimu ameshaeleza vizuri, naongeza machache ya upande wetu.

Kabla ya kusema ni mawazo, mtu apimwe. Nimeona mtu anaongea peke yake, ndugu wanamwombea siku 4, kumbe ni malaria kali imepanda kichwani. Pombe nayo, na dawa alizoacha ghafla, mtuelezeni. Mtu anayesikia sauti, asiyelala siku nyingi, au anayeamini watu wote wanamfuatilia, huyo si wa kukaa naye chini ya mwembe tu, mleteni. Kama amepelekwa kwa mganga au kwenye maombi kwanza, sisi hatumfukuzi wala hatumcheki. Mleteni hivyohivyo. Na mnasihi asimwambie mtu aache dawa za hospitali, hata siku moja.

Siri. Kwenye mitaa yetu kila mtu ni binamu wa mtu. Ukimaliza kuongea na mtu, ukikutana naye sokoni mbele za watu usimwulize "lile jambo limefikia wapi?" Ngoja yeye akusalimie. Na usitoe kisa chake kwenye kikundi cha simu kwa kubadilisha jina tu. Watu wanajua.

Watoto ni sheria nyingine. Mtoto akikwambia anachezewa au anapigwa, huwezi kukaa nalo. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ni bure.

La mwisho, anayesikiliza naye anachoka. Mimi baada ya zamu mbaya hukaa na mwenzangu dakika 15 kabla ya kwenda nyumbani, namweleza nilivyojisikia, bila majina. Nisipofanya hivyo nawafokea wanangu.

---

Mama Chapati Mabatini

Asanteni. Mwalimu, mimi ni darasa la saba, wateja wangu wananisimulia kila asubuhi. Je, na mimi naweza, au mpaka chuo?

---

Mwalimu wa Ilemela

Dada, wewe tayari unafanya. Kujiita mnasihi na kulipwa, hapo chuo kinahitajika, na kinachukua miaka. Lakini kusikiliza vizuri, kurudisha, kuuliza "ilikuwaje", kujua ni lini umpeleke mtu mbele, hayo hayasubiri chuo. Bibi wa Harare hawakwenda chuo, ila walikuwa na mtu wa kuwasimamia kila walipokwama, na hilo ndilo ninalokusisitizia. Usiwe peke yako. Tafuta nesi au mwalimu mmoja wa kumuuliza.

Na chapati zikiwa nyingi, mwambie mtu kweli: "Sasa hivi siwezi kukusikiliza vizuri, njoo saa 5 wateja wakipungua." Hiyo ni heshima kubwa kuliko kuitikia "ehe" huku macho yako kwenye kikaango.

---

Kijana wa Kirumba

Mwalimu nimerudi. Nilimfuata jana jioni pale mwaloni, alikuwa amekaa kwenye mtumbwi mbovu uliopandishwa juu. Nilikaa pembeni yake. Sikusema kitu, tuliangalia ziwa kama nusu saa. Halafu nikasema yale maneno uliyoniandikia.

Nilimuuliza. Akasema ndiyo.

Sikujua la kusema nikasema pole. Alilia sana. Akasema alikuwa ameshika mkono wa mdogo wake halafu ukamponyoka, hajamwambia mtu yeyote, hata mama. Nimelala kwao. Asubuhi tulimwambia kaka yake mkubwa, tukaenda hospitali wote watatu. Daktari ameongea naye peke yake karibu saa nzima, kampa dawa na kasema arudi Alhamisi. Kaka yake amehamia chumbani kwake. Alhamisi nitaenda naye.

---

Mwalimu wa Ilemela

Asante kwa kukaa naye. Asante kwa kumuuliza.

Na wewe, umelala?

---

Kijana wa Kirumba

Kidogo.

---

Mwalimu wa Ilemela

Nimekutumia namba yangu kwa ujumbe wa faragha. Nipigie leo baada ya saa 1 usiku, nitakuwa nimemaliza kupika.